Tangi Tupu Si Tangi Safi

Kwanza inatokea ndoo. Halafu mkono. Mwisho kabisa, kupitia tundu ambalo mtu mnene asingethubutu hata kulichungulia, kinachomoza kichwa cha mwanamume mwenye mvi, tope jeusi limemganda mpaka kwenye kope.

"Vuta!" anasema.

Ni asubuhi, juu ya paa la hospitali. Mwanamke kijana anaivuta kamba aliyoizungusha kiunoni, anaipokea ndoo, anaimwaga kwenye pipa. Ni binti yake. Anamtazama baba yake kichwani.

"Baba, leo umekuwa sufuria. Imebaki kukuchochea kuni tu."

"Na wewe ndiye mfuniko wake. Shusha ndoo."

Mwanamume huyu ni fundi wa kusafisha matangi ya maji. Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Wote humwita Kambare, yule samaki wa matopeni, naye wala hakasiriki.

"Kambare haoni haya kukaa kwenye tope," anasema. "Wa kuona haya ni waliolileta."

Kazi hii aliianza kabla binti yake hajazaliwa. Wiki nzuri anapata matangi manne ya majumbani. Wiki mbaya anashinda nje ya mlango wake akisalimiana na kunguru. Malipo ya tangi moja hayanunui gunia la mkaa. Mgongo umeshajikunja kufuata kazi, na goti la kushoto humlilia kila akikanyaga ngazi.

Lakini tangi la leo hakulifuata kwa ajili ya malipo. Ni tangi la zege linalolisha maji jengo la upasuaji, na chini yake, katika wodi ya wanawake, amelazwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Ni fundi cherehani, mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Ana saratani ya ovari, vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke, na anangoja kupasuliwa.

Ameshaahirishwa mara mbili, sababu ikiwa ile ile. Bomba za chumba cha upasuaji zinatoa maji yenye magamba meusi, na hakuna daktari mwenye akili zake atakayenawa maji hayo kisha aingize mikono tumboni mwa mtu.

Maji yakitakata leo, kesho asubuhi shemeji ndiye wa kwanza. Naye ameshawaapia wauguzi.

"Mkiniambia kesho kwa mara ya tatu, nafunga kibegi changu narudi kwenye cherehani yangu. Tumbo mmeshalitoa maji. Nimekuwa mwepesi kama uzi. Nangoja nini tena?"

Neno hilo, mwepesi, Kambare hapendi kulisikia. Mkewe naye alilisema.

Ugonjwa wa mkewe ulianza kwa kushiba upesi. Vijiko vitatu, sahani imesukumwa. Kisha nguo zikaanza kumbana kiunoni, na majirani wakampongeza kwamba ndoa imemkubali uzeeni. Zahanati wakasema gesi. Wakasema minyoo. Wakasema vidonda vya tumbo, wakampa dawa ya maji meupe anywe kabla ya kula, naye kula kwenyewe hakuwezi.

Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilikuwepo pale pale. Wakubwa walikuwa wamekuja kuizindua, wakaleta utepe, mkasi, hotuba na mpiga picha. Wakasahau kitu kimoja tu, nacho ni mtu wa kuitumia. Chumba kikafungwa, ufunguo ukawekwa ofisini, na ofisi ikawa na kiti, na kiti kikawa na koti, na mwenye koti kila siku "ametoka kidogo".

"Lile koti nalijua kuliko ninavyomjua mwenyewe," anasema Kambare. "Nimeshalisalimia mara nyingi."

Walipofika hospitali kubwa, tumbo la mkewe lilikuwa limevimba kama la mja mzito. Akatobolewa kwa sindano, maji yakatoka, ndoo kwa ndoo. Jioni hiyo hiyo akaketi, akala, akatania. Nikiwa mwepesi hivi, alisema, upepo usinipeperushe. Nyumba nzima ikapumua. Hazikupita wiki nyingi, tumbo likajaa upya.

Hapo ndipo Kambare alipokutana na daktari mpasuaji, mwanamke mfupi asiye na haraka ya maneno, mtu pekee katika hospitali hiyo ambaye hatukani mtu hata akiwa amekasirika. Daktari alimweleza kwamba saratani imetoka kwenye ovari na imeenea. Fundi akauliza swali la kifundi.

"Imepita bomba gani kufika huko?"

"Bomba?"

"Mshipa, daktari. Nionyeshe mshipa ilimopita, mfunge koki."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, na mpaka leo Kambare anasema hicho kiti ndicho kilichomtofautisha na wale wa makoti.

"Saratani nyingi husafiri kwenye damu," akamwambia. "Hii nayo inaweza, ikishakomaa, na hupitia kwenye tezi pia. Lakini mara nyingi njia yake ya mwanzo haihitaji bomba. Chembe zake zinabanduka kwenye ovari, zinaangukia yale majimaji machache yanayolainisha utumbo, zinaelea. Mtu akipumua, majimaji yanapanda, nazo zinapanda nayo. Akitembea, yanachezacheza, nazo zinakwenda. Zikitua mahali, zinajishikiza na kuota."

"Zinatua wapi?"

"Juu ya utumbo. Kwenye shuka la mafuta lililoufunika utumbo kwa mbele, hapo zinapapenda sana. Nyingine zinafika juu kabisa, chini ya ule ukuta wa nyama unaotenga tumbo na kifua. Zinajibandika kwa chini yake, kama darini. Zikizidi, zinaziba njia ambazo mwili unanyonyea maji yake, na zenyewe zinafanya maji mengine yatoke. Ndiyo maana tumbo linajaa."

"Sasa mkimtoa maji?"

"Anapata nafuu. Anapumua, anakula. Lakini zilizojibandika hazikutoka na maji."

Kambare aliigeuza kofia yake mkononi.

"Basi tangi tupu si tangi safi," akasema.

"Ndivyo," daktari akajibu.

Kwa mkewe ilikuwa imeshachelewa. Walimfungua, wakaondoa walichoweza. Kabla ya kuanza, daktari aliingiza maji safi tumboni, akayavuta tena, akayapeleka yakatazamwe chini ya lenzi. Chembe zilikuwa zimejaa. Zilizojibandika darini ndizo zilizommaliza pumzi.

"Ugonjwa ulimuua nusu," anasema mjane huyu. "Nusu nyingine waliimalizia ofisini, na hakuna aliyeulizwa."

Daktari alikuwa amemwachia neno moja la mwisho. Ugonjwa huu wakati mwingine hufuata damu ya ukoo, kwa hiyo dada na mabinti waangaliwe mapema. Ndiyo sababu, shemeji yake alipoanza kuacha chakula kwenye sahani, Kambare hakungoja mtu aseme gesi. Alimpeleka moja kwa moja.

"Nilimkokota," anasema. "Aliniita majina ya wanyama wote, mpaka wengine nikajua anawabuni."

Maji aliyotolewa tumboni yalikutwa na chembe. Lakini kwa picha zilivyoonyesha, ugonjwa haukuwa umekwenda mbali. Daktari akasema upasuaji kwanza, dawa baadaye, na mapema leo ni bora kuliko mapema kesho. Kisha bomba zikaanza kutoa magamba.

Bwana wa utawala, mwenye tai ndefu na simu mbili, aliita kampuni. Kampuni ikaja na magari yaliyoandikwa ubavuni, ikafungua koki ya chini, maji yote yakatoka, wakajaza mengine, wakapiga picha, wakaondoka. Magamba yakarudi. Kampuni ikaitwa tena, ikafanya vile vile, ikalipwa vile vile. Ndipo daktari alipomkumbuka yule mtu wa bomba na koki.

"Ninaye mtu," alisema.

Na mtu huyo sasa yuko ndani, anasugua.

Sakafu ameimaliza. Kuta nne amezipitisha brashi mpaka zege limeonyesha rangi yake. Amesuuza mara tatu. Sasa anafanya kile ambacho hakuna kampuni iliyowahi kumwona akifanya ikabaki bila kuguna: anamwaga maji safi kidogo, anayazungusha kila pembe kwa ufagio, anayakusanya pembeni, anayachota kwa bakuli jeupe la bati. Bakuli hilo lilikuwa la mkewe, la kuoshea mchele. Maji haya anayaita maji ya mwisho.

"Daktari anaosha tumbo, anatazama maji. Mimi naosha tangi, natazama maji," anasema. "Yeye ana lenzi. Mimi nina jua."

Analipandisha bakuli kwenye mwanga. Binti yake anainama. Wote wawili wanaviona: vipande vitatu vyeusi, vidogo kama makombo ya majani ya chai, vinazunguka taratibu na kutua.

Wakati huo huo bwana wa utawala anatokea kwenye ngazi, anahema.

"Mzee, mmemaliza? Fungulieni maji. Wakubwa nimeshawaambia leo leo."

"Bakuli limekataa."

"Limekataa nini?"

Kambare anamwonyesha. Bwana anaitupa tai begani, anatazama.

"Vipande vitatu! Mzee wangu, hata nyumbani kwangu vitatu nakunywa."

"Bosi, ukiona watatu wamekuja kukusalimia, ujue ukoo mzima uko njiani."

"Upasuaji ni kesho asubuhi. Usipojaza sasa hivi, tangi halijai, na kesho hakuna kitu. Hilo la kuahirisha litakuwa lako, si langu."

Anashuka, viatu vyake vinalia ngazini. Binti anamshika baba yake mkono.

"Baba," anasema kwa sauti ya chini. "Wa kwanza kesho ni mama mdogo. Na kibegi ameshakiweka kitandani. Nimekiona."

Kambare anakaa ukingoni mwa tundu, miguu inaning'inia gizani. Akifungulia maji, shemeji anapasuliwa kesho kwa mikono iliyonawishwa na kitu asichokijua kinatoka wapi. Asipofungulia, shemeji anaondoka, na safari hii hakubali kukokotwa. Mke alimzika kwa sababu ya watu waliosema inatosha. Na shemeji naye anaweza kumpoteza kwa kusema haitoshi.

"Nipe tochi," anasema.

"Umeshasafisha kila mahali."

"Kila mahali ninapopajua."

Anarudi chini. Sakafu safi. Kuta safi. Anajilaza chali juu ya ubao, mgongo unapiga kelele, anamulika juu. Kwa kawaida dari ya tangi haiguswi na maji, kwa sababu boya hufunga bomba kabla maji hayajafika huko. Ndiyo maana hakuna fundi anayehangaika nayo, naye hakuhangaika nayo. Lakini boya la tangi hili lilikuwa limepinda, halifungi, na kwa miezi isiyojulikana maji yalikuwa yakipanda mpaka yanalibusu zege la juu.

Kile alichodhani ni kivuli si kivuli. Ni utando, mweusi, mnene, unaonata. Umejibandika darini, ukimega magamba na kuyaachia kila maji yanapopanda.

Bintiye, juu, anainamia tundu.

"Baba? Uko sawa?"

"Niko sawa," sauti inatoka chini, nzito. "Alishaniambia. Darini. Yule daktari alishaniambia."

Hakunawa. Alishuka ngazi vile vile, tope masikioni, bakuli jeupe mikononi, akapita katikati ya wodi huku muuguzi mmoja akimfuata nyuma: "Mzee! Mzee, huku haparuhusiwi!" Shemeji yake alikuwa ameketi kitandani, kibegi mapajani.

"Shemeji, umekuja kuniaga au kuzikwa?" akasema. "Mbona kama umeshaanza kufukiwa?"

"Upasuaji si kesho. Ni keshokutwa."

"Nilijua!" Akaivuta zipu. "Nani kaahirisha? Nimtukane kabisa kabla sijatoka, nisije nikasahau."

"Mimi."

Mkono ukasimama kwenye zipu. Muuguzi naye akasimama.

"Wewe? Wewe uliyenikokota kama mbuzi?"

Kambare akaweka bakuli juu ya shuka, kando ya kibegi.

"Tangi hili wamelitoa maji mara mbili. Mara mbili wakasema limepona. Haya ni maji ya leo."

Fundi cherehani ni mtu wa jicho. Aliinama, akaviona, akayakoroga maji kwa kidole. Vipande vikapanda, vikazunguka, vikarudi kutua ubavuni mwa bakuli, kila kimoja mahali pake.

"Vilikuwa wapi?"

"Darini. Mahali ambapo hakuna aliyetazama."

Akafuta kidole kwenye shuka, polepole.

"Na dada?"

"Na dada yako pia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Shemeji akajishika tumbo lake, lile jepesi, lililotolewa maji, kwa viganja viwili, kama mtu anayepima kitambaa.

"Huyo daktari wako atanitazama darini?"

"Amesema atapitisha mkono kila mahali, atachukua kipande kila mahali. Mikono anayo. Anachokosa ni maji."

"Na wewe utayaleta."

"Nitayaleta."

Akaifungua zipu. Akatoa gauni lake la kulalia, akalikung'uta, akalitandika kwenye mto.

"Keshokutwa," akasema. "Na ukija tena mbele yangu na tope hilo, nakupasua wewe kwanza, na ganzi sikupi. Ondoa bakuli lako kitandani kwangu."

Alasiri yote baba na binti walikuwa chali juu ya ubao mmoja, kwa zamu, wakikwangua. Uchafu uliwaangukia usoni, wakatema, wakaendelea. Binti alisema kwamba mbinguni akiulizwa alifanya kazi gani duniani, atajibu alipaka rangi dari kinyumenyume. Bwana wa utawala alipanda tena, akachungulia tundu, tope likadondoka kwenye tai, akashuka akiifuta. Kabla ya jua kuzama boya jipya lilikuwa mahali pake. Nani aliyetoa fedha za boya hilo, hakuna aliyejitokeza kusema, ila daktari alionekana akirudi kwa miguu toka duka la vifaa.

Maji ya mwisho yalipandishwa kwenye jua la jioni. Walitazama, wakabadilishana, wakatazama tena. Bakuli jeupe, maji, na uso wa mtu mzee mchafu ukimtazama kutoka chini.

"Hapo hakuna kitu ila sura yangu," Kambare akasema. "Na hiyo haitoki kwa brashi."

Leo ni keshokutwa. Wako juu ya paa tena, na hakuna kazi ya kufanya. Tangi limejaa mpaka mahali boya liliposema, kiganja kizima chini ya dari. Kambare amevaa shati lililopigwa pasi, maana ameonywa.

Hajidanganyi. Daktari amemweleza kwamba majibu ya vile vipande vitakavyochukuliwa, cha kwenye shuka la mafuta, cha darini, na vya tezi, yatachukua muda, na baada yake kuna dawa ambazo zitamwangusha nywele shemeji. "Afadhali," shemeji alijibu. "Nitashona vilemba."

Yeye mwenyewe ameshapanga. Tangi hili atalirudia kila miezi mitatu, aitwe asiitwe. Na Jumatatu anakwenda kule zahanati ya mtaani kwake, kwenye ile ofisi ya koti. Anakwenda na ndoo yake, ataigeuza chini juu, ataikalia mlangoni mpaka apatikane mtu wa kuifungua ile mashine.

"Nimekaa gizani ndani ya matangi miaka yote hii," anasema. "Kukaa mlangoni mwa mtu, penye mwanga na upepo, kutanishinda?"

Kisha anamgeukia binti yake.

"Na wewe, mama yako mdogo akitoka, unakwenda kuonwa."

"Baba, mimi sina kitu."

"Hata tangi hili halikuwa na kitu. Muulize bosi."

Binti anacheka, halafu hacheki. Anaizungusha kamba mkononi, anaifungua, anaizungusha tena.

"Nitakwenda," anasema.

Kambare anapiga goti lake bovu kando ya bomba kubwa linaloshuka kwenye chumba cha upasuaji. Anaweka sikio kwenye chuma. Anainua kidole kumnyamazisha bintiye, ambaye hajasema neno.

"Nini?" binti ananong'ona. "Wanapiga deki?"

"Deki ni mkupuo mmoja. Haya yanatiririka kidogo, yanakatika, yanarudi." Amefumba macho. "Yanarudi tena."

Anangoja, mkono wake umelala juu ya bomba.

"Ananawa," anasema.